Sahani ya Klachi ya Wifi

Majirani wakisikia mngurumo kutoka chumba changu cha nyuma hudhani nimepata mume mwingine. Waache wadhani. Ni mashine ya kuchonga chuma, imekaa pale palipokuwa na vitanda vya watoto, na ni nzito kuliko mume yeyote niliyewahi kumjua, ingawa nimemjua mmoja tu.

Kiwanda nilichokuwa fundi mchonga vyuma kilipofungwa, mashine ziliuzwa kwa uzito kama vyuma chakavu. Nikaichukua ile niliyosimama mbele yake tangu nikiwa msichana mwenye kiuno. Ilibidi ukuta ubomolewe ndipo ipite, kisha ukajengwa tena nyuma yake, kwa hiyo haitoki. Zamani wanangu walikuwa wakinipigia simu wananiambia, "Mama, njoo ukae na sisi," nami nawauliza mashine nitaitia mfukoni? Siku hizi hawaniambii tena.

Aliyebaki kunitembelea ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Mwanamke yule ana mdomo! Alikuwa anakuja na gari lake la zamani, anaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha la karakana yangu, anaanza kusimulia kabla hajamaliza kukaa. Namwambia, "Wifi, mashine ikiwaka mimi sikusikii." Ananijibu, "Si lazima unisikie, mimi najisikia mwenyewe." Basi nachonga, yeye anapiga domo, chai inapoa. Akija nilinung'unika, na asipokuja nilinung'unika zaidi, ila hapo hapakuwa na wa kunisikiliza.

Kuhusu hilo gari, ngoja niseme ukweli wangu. Wifi anaendesha mguu wake wa kushoto ukiwa juu ya klachi muda wote, kama mtu aliyepumzisha unyayo kwenye kigoda. Nimemwambia mpaka nimechoka. Kaka yake, yaani mume wangu, alikuwa na tabia hiyo hiyo. Ukoo mzima wanaendesha hivyo, nadhani ni damu.

Kwa hiyo sikushangaa asubuhi moja alipoingia bila hodi, kwa miguu, jasho likimtoka, akaweka juu ya meza yangu kitu kizito kilichofungwa kwenye taulo la kuogea.

"Fungua," akasema.

Nikafungua. Ilikuwa sahani ya klachi, nyeusi, inanuka kuungua.

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia. Sasa usinihubirie, tazama. Makanika ameshusha gia boksi jana. Gari lilinigomea kwenye kile kilima cha sokoni, injini inalia kama mbuzi, gari liko pale pale. Wanafunzi wananipita kwa miguu na mabegi yao, wananipungia mkono!"

Nilicheka, na yeye akacheka, mpaka tukajishika mbavu.

Kwa asiyejua mambo haya, sahani ya klachi ni duara la bati lenye ngozi ngumu pande zote mbili, na ngozi hiyo ndiyo inayoshikana na injini ili gari liende. Imefungwa kwa ribiti, vile vimisumari vifupi vya chuma, vichwa vya ribiti vikiwa vimezama ndani yake. Ngozi ikiungua inakuwa laini inang'aa, haishiki kitu, inateleza tu. Ukiichonga juu juu, kidogo sana, inashika tena. Lakini ukichonga mpaka ribiti zikatokeza, umeshaiua. Kuanzia hapo chuma kitasugua chuma, na hakuna dawa.

"Nunua mpya," nikamwambia.

"Hazitengenezwi tena. Nimemwambia makanika mimi nina mtu wangu." Akaketi kwenye kiti chake. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikaa kidogo bila kusema. "Wifi, mwanangu amenijengea chumba. Anataka nihamie kwake moja kwa moja."

Mwanawe anaishi mbali, mwendo wa kulala njiani.

"Lini?" nikauliza.

"Gari likipona. Bila gari siendi. Siwezi kwenda kukaa kwa mkwe wangu niwe mtu wa kuomba kupelekwa hata dukani. Likipona nakwenda, lisipopona nabaki, na mwanangu ataelewa." Akanitazama. "Wewe wasemaje?"

"Nasemaje kuhusu nini?"

"Niende?"

Nikachukua kipimo changu nikaanza kupima ile ngozi, ingawa hapakuwa na haraka yoyote ya kupima. "Wewe ni mtu mzima," nikamjibu. "Mimi nikwambie nini?"

Kisha akasimama, akakunja taulo lake vizuri, kona kwa kona.

"Haya. Basi wewe itazame hiyo sahani, useme inafaa au haifai. Ukisema haifai, mimi nitaridhika kabisa." Akaondoka, chai hata hakuigusa.

Nikabaki na sahani. Nilipima upande huu, nikapima upande ule, nikapima tena. Ngozi iliyobaki juu ya ribiti ilikuwa kama unene wa ukucha. Fundi yeyote ambaye ungemkuta barabarani angesema haifai, wala asingekuwa mwongo sana. Lakini ilikuwa inafaa. Chupuchupu, ila inafaa. Na mimi kitu kinachofaa kukiita hakifai, ulimi haunigeukii. Nilivyolelewa na kazi yangu ndivyo nilivyo.

Mchana nikaanza. Nikajifunga kitambaa kibichi puani, maana vumbi la ngozi ile si la kuvuta. Nikailaza sahani juu ya meza ya mashine, nikaibana kwa pete ya chuma, kwa sababu ina chemchemi ndani na usipoibana inapumua, inapanda na kushuka. Upande wa kwanza ulikwenda kama siagi. Kisu cha mashine kilizunguka, ile rangi ya kuungua ikaondoka, ikabaki ngozi mpya ya kijivu, sawasawa pande zote. Nikaipitishia kidole. Nikageuza kichwa kumwonyesha wifi, kiti kilikuwa kitupu. Nilijua kiko kitupu, na bado niligeuka.

Hapo ndipo mambo yaliponiingia. Wakati mikono inafanya kazi mtu hafikiri, lakini kuigeuza sahani na kuibana upya kunachukua muda, na katika muda ule nilimwona wifi anapakia masanduku. Nikaiona nyumba yangu bila mtu wa kuingia bila hodi. Wanangu wana maisha yao, siwalaumu. Majirani tunasalimiana, basi. Mtu wa kuniambia mimi ni mkaidi, mtu aliyemjua mume wangu akiwa mtoto anayekojoa kitandani na anayeweza kunisimulia habari hiyo kila wiki kama mpya, ni mmoja tu katika dunia hii, na mimi nilikuwa namtengenezea gari la kuondokea.

Nikashika mpini wa kupandishia meza. Nikaupandisha kidogo, kiasi kinachotakiwa. Kisha mkono wangu ukaendelea. Sikuwa nimelala wala sikuwa nimerukwa na akili. Nilikuwa najua kabisa ninachofanya: nusu mzunguko zaidi, kisu kipite mara moja, ribiti zitokeze, na hakuna safari. Nani angenikamata? Ningesema ilikuwa imekwisha tangu mwanzo. Wifi hajui kutofautisha sahani ya klachi na ya wali.

Nilisimama hivyo, mkono kwenye mpini. Halafu nikaona haya. Nikaona haya kama vile mume wangu amesimama mlangoni ananitazama, yeye aliyekuwa akijisifu kwa rafiki zake kwamba mkewe hajawahi kurudishiwa kazi. Nikaurudisha ule mpini haraka, mpaka pale ulipotakiwa kuwa, nikawasha mashine ili nimalize na nisiwe na nafasi ya kufikiri tena.

Sasa sikiliza kosa. Mashine yangu ni mzee mwenzangu. Skrubu inayoinua meza imelika. Ukizungusha kupandisha, meza inapanda. Ukirudisha kidogo, mpini unarudi peke yake, meza inabaki juu pale pale ilipo. Dawa yake ni kuishusha mpaka chini kabisa, kisha kupanda upya kutoka chini. Kule kiwandani niliwafokea wanafunzi kwa jambo hilo mpaka wakanibandika jina, Mama Shusha-Pandisha. Na siku ile mimi mwenyewe, Mama Shusha-Pandisha, sikushusha. Mpini ulirudi, meza haikurudi.

Nililijua kosa kwa sikio. Kisu kikiwa ndani ya ngozi kinavuma taratibu. Mara ule mvumo ukaingiwa na kitu kingine, ti, ti, ti, ti, chuma kinagonga chuma. Nilipozima kilikuwa kimepita nusu ya duara. Nikapuliza vumbi. Ribiti zote za nusu hiyo zilikuwa zimetokeza, vichwa vimekatwa vinang'aa.

Nilikaa kwenye kiti cha wifi. Nilichokuwa nimekataa kukifanya kwa akili yangu, nilikuwa nimekifanya kwa mikono yangu, na mbaya zaidi, kwa sababu nilikataa. Ningefurahi basi, si ndiyo? Gari haliponi, wifi haendi. Lakini sikufurahi. Nilichokiona mbele yangu ni kazi iliyoharibika, ya kwanza, na mwenye kazi atakuja kesho.

Akaja kesho yake, mapema. Sikutaka kuzunguka. Nikamfunulia.

"Nimeiharibu," nikasema. "Upande mmoja ulitoka vizuri. Huu nimeingia mpaka kwenye ribiti. Haifai tena."

Akainama akaitazama ile sahani kwa muda mrefu. Akaigusa ribiti moja kwa ncha ya kidole. Kisha akainua uso, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikukitambua, au nilikitambua vibaya.

"Wifi," akasema polepole, "umefanya makusudi?"

Damu ikanichemka. Mtu amekesha anajilaumu, halafu aulizwe hivyo! Na labda nilichemka zaidi kwa sababu mkono wangu ulikuwa umekaribia kufanya hivyo kweli.

"Makusudi? Mimi? Tangu nishike chuma nimeharibu kazi ya mtu makusudi lini? Kama ilikuwa ni hamu yangu usiende ningekwambia kwa mdomo, ninao! Meza ilibaki juu, ni kosa, makosa hutokea. Nilitaka ipone. Nilijitahidi kwa nguvu zangu zote ipone, uende zako salama. Unanionaje wewe?"

"Basi, wifi. Nimeuliza tu."

"Usiniulize maswali kama hayo."

"Nimekoma." Akatabasamu kidogo, tabasamu la kupokelea wageni usiowajua. Akanywa chai yake yote, kimya, na mimi kwa hasira zangu nikaona vizuri, leo angalau amenyamaza. Alipoweka kikombe akasema, "Nitakwenda na basi."

"Ulisema bila gari huendi."

"Nilisema. Nimebadili mawazo."

Akaondoka wiki hiyo hiyo. Nilikwenda kumsindikiza, na wote wawili tukajikaza kisabuni. Tukazungumzia masanduku, na kama kiti cha dirishani ni kizuri kuliko cha njiani. Alinikumbatia kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mfuko wa chakula cha safari. Basi likatoka, nikarudi nyumbani, nikafagia vumbi la ngozi ya klachi lililokuwa bado chini ya mashine.

Nilikuwa na hasira naye kwa muda. Hasira ni mwenzi mzuri, inakujazia nyumba. Nilikuwa nachonga huku namjibu peke yangu: makusudi! Mimi! Baadaye hasira ikaisha, na hapo ndipo nilipojua nyumba yangu ina ukimya wa aina gani. Hata nikiwasha mashine, ukimya ulikuwa unanisubiri nizime.

Kisha makanika akaja. Ni yule yule aliyeshusha gia boksi ya wifi, kijana wa makamo mwenye heshima zake, alikuja nimchongee kipande cha pampu. Wakati nachonga akaiona ile sahani imeegemea ukutani.

"Mama, hii bado unayo?"

"Nimeiharibu. Sina hata pa kuitupa."

"Ah, hii ilikuwa imeshakwisha hii. Mimi nilimwambia yule mama siku ile ile nilipoitoa, nikamwambia hii haina maisha. Na nilikuwa na nyingine, imetumika lakini nzima, nimeitoa kwenye gari bovu la aina hiyo hiyo. Iko stoo kwangu mpaka leo. Ningemfungia siku ile ile akaondoka zake."

Nikazima mashine.

"Ulimwambia una nyingine?"

"Nilimwambia, nikamwonyesha. Hakutaka. Akasema kwanza hii aipeleke kwa wifi yake, ndiye aseme. Nikamwambia, mama, wifi yako atakuambia haifai, kila fundi atakuambia hivyo. Akacheka, akasema, hicho ndicho ninachokitaka. Sikumwelewa. Wamama mna mambo yenu."

Nilimmalizia kipande chake. Sijui nilimmaliziaje, lakini hakikurudi. Alipotoka, nikafunga mlango nikakaa chini. Kila kitu kilikuwa kimelala mbele yangu, mtoto wa darasa la kwanza angekisoma. Wifi alikuwa na sahani nzima ya kuondokea, akaiacha, akaniletea mimi iliyokwisha. Hakuja kutengenezewa. Alikuja kusikia mtu akimwambia usiende. Niende? aliniuliza, nikapima ngozi. Ukisema haifai nitaridhika, aliniambia, nikaichonga ifae. Na nilipokwisha kuiharibu, akanipa nafasi ya mwisho, akaniuliza kama nimefanya makusudi, na ule uso nilioudhania wa shutuma ulikuwa wa mtu anayeomba. Nami nikamwapia kwa kila nilicho nacho kwamba nilitaka aende.

Jioni nikampigia. Alipopokea nilisikia nyuma yake vyombo, televisheni, watoto wanagombana.

"Wifi! Hujambo mkaidi wangu? Ngoja nitoke nje kidogo, humu hakusikiki."

Nikangoja. Mlango ukafungwa, kelele zikapungua.

"Wifi," nikasema, "nilikudanganya. Ile sahani niliiharibu makusudi."

"Nilitaka usiende," nikaendelea. Nilikuwa naongea mbio, mimi ambaye maneno huwa nayatoa kwa kijiko. "Nilizungusha mpini nikijua. Nikaona haya kukuambia, nikakufokea. Ilikuwa makusudi, wifi. Tangu mwanzo ilikuwa makusudi."

Akacheka, kicheko kifupi, bila ubaya.

"Wewe? Huwezi."

"Nimeweza."

"Huwezi, wifi. Unasema hivyo sauti inakutetemeka kama mtoto aliyefundishwa la kusema. Ungekuwa unaweza, mimi sasa hivi ningekuwa hapo kwako nimekaa, nakupigia kelele."

Nikasema lile lililobaki.

"Basi rudi."

"Nyumba nimeshairudisha kwa mwenyewe. Na wajukuu wamenizoea, nikitoka hata uani wananitafuta." Akavuta pumzi. "Mbona hukuniambia siku zile? Nilikuuliza mara mbili."

"Sikujua kama ndilo ulilokuwa unalitaka."

"Na wewe ulilitaka?"

"Nililitaka sana."

"Haya," akasema, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Nimesikia."

Mtoto akamwita bibi kutoka ndani. Akaitika, akaniambia anakuja sasa hivi, nikasikia mlango unafunguliwa na simu inawekwa juu ya kitu kigumu. Hakurudi. Nadhani alishikwa na mambo ya chakula, au alidhani nimekata. Sikukata. Nilikaa chumba cha nyuma, simu sikioni, nikaisikiliza nyumba yao, vijiko, maji, sauti yake akimsimulia mtu habari ndefu, mpaka salio langu likaisha.